Gari la Michezo, Limefufuliwa Nusu

Breki alifika kijiweni Jumamosi asubuhi akiwa ameinua simu juu kama mchezaji anayeonyesha kombe. Huyu ni dereva wa malori aliyestaafu, na jina la Breki hatukumpa kwa sababu anazo. Tulimpa kwa sababu akianza kuongea hana.

"Wazee, sogeeni! Dunia imeharibika rasmi!"

"Iliharibika lini tena? Jana si uliiacha nzima?" akasema Mama Birika huku akimimina chai. Kijiwe chenyewe ni chake: benchi mbili, meza yenye mguu mmoja wa kuazima, na birika jeusi ambalo hakuna aliyewahi kuliona likioshwa wala aliyethubutu kuuliza.

"Sikilizeni habari hii. Huko Uingereza mkulima mmoja kafariki, watoto wake wakaenda kusafisha banda la kuku. Wanafukua majani makavu, wanakuta nini? Gari! La kizamani, viti viwili, halina paa, kuku wametagia humohumo. Limepelekwa mnadani, watu wakapigana vikumbo, limeuzwa bei ya ghorofa. Sasa shikeni vikombe vyenu vizuri: walikatazwa kuliosha! Limeuzwa na mavi yake ya kuku!"

Wakili akakohoa. Wakili hajasomea sheria hata siku moja. Alikuwa mfagizi mahakamani, akafagia miaka mingi mpaka maneno ya pale yakamganda mwilini.

"Pingamizi. Hayo mavi ni sehemu ya gari au ni mali ya kuku?"

"Wakili, usinivurugie taarifa."

"Nauliza kisheria. Mnunuzi lazima ajue amenunua nini."

"Wenyewe wanaita hali yake ya asili. Ukilipiga brashi tu, bei imeanguka. Lile vumbi ndilo cheti cha kuzaliwa."

Baada ya hapo benchi zote mbili zikageuka kunitazama mimi. Wakanitazama vile watu wanavyomtazama mtu aliyetupa tiketi ya bahati nasibu kwenye choo cha shimo.

"Nusu," akasema Mama Birika kwa huruma, "wewe lako ulilisugua na nini vile?"

"Msasa," nikajibu.

"Maskini."

Nusu ndiye mimi. Jina nililopewa na wazazi lipo, linatumika hospitalini. Hili la Nusu limetokana na kitu kilichoko ng'ambo ya barabara, mkabala na kijiwe. Pale ni kwetu. Chumba cha mbele kilikuwa duka zamani, kina milango mipana miwili ya mbao inayofunguka barabarani, na ndani yake limo gari. Ni la Uingereza, la viti viwili, halina paa. Boneti yake ni ndefu kuliko gari lenyewe, taa zake mbili za mviringo zinafanana na macho ya mtu aliyeshtuliwa usingizini, na rimu zake ni za spoku, kama baiskeli iliyofanikiwa maishani.

Mjomba alipewa na mhandisi mmoja aliyekuwa anahama, na mjomba akanipa mimi nilipomaliza sekondari. Wenzangu walipewa simu na saa. Mimi nikapewa gari lisilo na sakafu. Mjomba alinishika bega akaniambia, "Mpwa wangu, ukilifufua hili, limekutoa kimaisha." Kisha akahamia mbali na namba ya simu akabadilisha. Nilitakiwa nishtuke hapo.

Nikaanza kazi. Tatizo chumba ni chembamba, gari limebanwa na ukuta upande wa kulia, na kulisogeza kunataka wanaume saba ambao hawajakasirika. Kwa hiyo nikawa nashughulika na upande wa kushoto tu, unaoonekana kutoka kijiweni. Nikapaka puti ya kuziba mashimo, nikapiga msasa, nikapaka rangi ya kijani ya kumeremeta hata nzi wakitua wanateleza. Upande wa ukutani sijaugusa. Kule kutu inaishi na wajukuu. Kwa hiyo nikisema gari limefufuliwa nusu, sikisii. Mstari unapita katikati ya boneti, unaweza kuukanyaga.

Muda wote huo Mama, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa anashonea nje chini ya upenu. Jua likimgeukia, anageuza cherehani. Mvua ikija, anafunika cherehani kwa nailoni na yeye anabaki. Hakuwahi kulalamika, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Sasa alikuwa amepata kazi ya kwanza kubwa maishani mwake, sare za sekondari nzima. Vitambaa vilikuwa vinaingia Jumatatu, pamoja na cherehani mbili za kukodi na mabinti wawili wa kumsaidia. Aliniita, akatoa pini mdomoni ndipo akasema, jambo ambalo hulifanya kwa mambo mazito tu.

"Mwanangu, Jumatatu ndani ya chumba kile zitakuwemo cherehani au litakuwemo gari. Mimi kushonea ndani ya gari sijui."

Akawa tayari amemwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Yule bwana alikuja, akabonyeza madigadi kwa kidole gumba kama anayechagua nyanya, akasema Jumapili atarudi na mashine ya kukatia na mzani. Yaani gari la mjomba, lililowahi kupita mbele ya watu wakageuka, likapimwe kwa kilo kama viazi. Nilikuwa na siku moja ya kumpata mtu wa kulinunua likiwa zima. Au tuseme likiwa nusu.

"Bado hujachelewa," Breki akasema. "Mama Birika ana kuku wawili. Tuwaazime, tuwafungie mle mpaka mchana. Kuku mzuri anaweza kukupandishia bei kwa saa chache tu."

"Kuku wangu hawafanyi kazi za vibarua," akasema Mama Birika.

"Tuwalipe mahindi."

"Pingamizi," Wakili akasema. "Huo ni udanganyifu wa nyaraka."

"Nyaraka gani?"

"Si umesema mavi ndiyo cheti?"

Sauti ya Mama ikatoka ng'ambo bila cherehani kusimama. "Kuku akiingia chumbani mwangu, wewe mwanangu leo utalala kwenye banda lake!"

Nikakiri mbele ya baraza kwamba wazo lile nilikuwa nimeshalifikiria kwa upande wa kushoto.

Simu yangu ikalia. Tangu jana yake tulikuwa tumeweka tangazo mtandaoni, na tangazo hilo aliliandika Wakili. Nilitaka kuandika "gari la spoti", akanikatalia katakata. Alisema lugha inatosha, hatuendi kuomba maneno kwa jirani. Kwa hiyo likatoka hivi: GARI LA MICHEZO LA KIINGEREZA, LIMEFUFULIWA NUSU, LINAUZWA. Chini yake picha, upande wa kushoto.

"Haloo, bosi," nikapokea kwa sauti nzito ya mtu mwenye mali.

"Habari yako, kijana. Mimi ni kocha. Nimeona una gari la michezo."

"Ndiyo, mkuu! Lipo, linang'aa."

"Linachukua timu nzima na wachezaji wa akiba?"

Nikafunika simu kwa kiganja. "Anauliza kama linachukua timu nzima."

"Mwambie inategemea mchezo," Breki akanong'ona.

"Mkuu, linachukua watu wawili," nikasema.

Kocha akauliza taratibu, "Sasa huo ni mchezo gani? Karata?" Akakata.

"Wakili," nikasema, "lugha yako inatosha kweli. Imetosha mpaka imemwagika."

"Kosa ni la kocha. Kasoma kichwa cha habari, hakusoma mazingira."

Saa hiyohiyo likasimama gari jeupe mbele ya kwetu, na akashuka mzee mmoja nadhifu, viatu vinang'aa, amevaa glavu nyeupe. Glavu, mchana, kwenye jua. Huyu ni mtu wa magari ya kale, nikajiambia, ametumwa na mjomba au na Mungu. Nikavuka barabara mbio, na kijiwe kizima kikavuka nyuma yangu kikiwa na vikombe mkononi, kwa sababu kwetu hakuna siri inayovuka barabara peke yake.

Mzee alisimama upande wa kushoto, akatabasamu. Akapitisha kidole chenye glavu kwenye rangi, akatazama kidole. Kilikuwa safi. Akatabasamu tena.

"Nani kafanya kazi hii?"

"Mimi, mzee."

"Mkono wako si mbaya."

Nilivimba. Nikamtazama Mama pale chini ya upenu ili kama hakusikia, nimwombe mzee arudie.

Mzee akawasha swichi ya taa, zikawaka. Betri tulikuwa tumeazima kwa Mama Birika, ile ya sola inayowasha taa zake za jioni, na kwenye tangi nilikuwa nimemwagia chupa moja ya petroli kwa ajili ya matumaini. Kisha yule mzee akafanya kitu ambacho hakuna mteja mwenye adabu angekifanya. Akavuta tumbo ndani, akajipenyeza kati ya gari na ukuta.

Tukasikia pumzi yake. Tukasikia kitu kikidondoka. Tukasikia, "Ee Mola."

"Hapo, mzee, ndipo penye hali ya asili," Breki akapaza sauti. "Sisi tumekatazwa kupaosha!"

Mzee alitoka akiwa na glavu moja nyeupe na nyingine ya rangi ya matofali. Akafungua boneti. Akainama akatazama chini. Akafungua mlango akakitazama kiti cha abiria, akakaa, akavuta wenzo uliokuwa pembeni, na kiti kikapanda naye juu taratibu mpaka kichwa chake kikapita kioo cha mbele.

"Hiki kiti," akasema akiwa huko juu, "ni cha kinyozi."

"Kinyozi mwenyewe alikuwa anafunga duka, mzee."

"Giaboksi ni ya gari la kubebea mizigo."

"Ndiyo. Ina nguvu."

"Na hii sakafu imeandikwa *Mafuta ya Kupikia*."

"Bati zuri lile, mzee. Halivuji."

Akavuta wenzo, akashuka pole pole kama mfalme anayeondolewa madarakani kwa heshima. "Kijana, hili si gari. Huu ni mkutano. Vyuma vimetoka pande mbalimbali, vimekaa pamoja, havijakubaliana." Akavua glavu zote mbili, akanipa ile chafu. "Baki nayo. Iko sawa na mengine humo ndani." Akapanda gari lake jeupe akaondoka.

Tukarudi kijiweni tukiburuza miguu. Hata Breki alikaa kimya kwa muda ambao kwake ni likizo.

"Mkutano," Wakili akasema hatimaye. "Hilo neno ningelijua jana, ningeliweka kwenye tangazo."

"Nusu, usilie," Mama Birika akasema. "Kunywa chai."

"Silii, mama. Ni puti imeniingia machoni."

"Puti ya mwaka juzi?"

"Inachelewa kukauka."

Ng'ambo, Mama alikuwa ametundika kwenye kamba shati moja jeupe, la mfano, alilotakiwa kulipeleka shuleni Jumatatu hiyohiyo walithibitishe kabla hajaanza kukata. Alilishona mara mbili, la kwanza hakuridhika na kola. Alilitazama likiyumba, kisha akalitazama gari, kisha akatazama barabara, kule ambako mnunuzi wa vyuma angetokea kesho. Hakunitazama mimi. Nikatamani Breki aongee.

Simu ikalia tena. Sauti ya mama mtu mzima, yenye amri ndani yake.

"Wewe ndiye mwenye gari la michezo? Nielekeze, nipo karibu."

Punde akatokea mama mnene aliyevaa viatu visivyo na kisigino, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo, na filimbi shingoni. Alipovuka barabara, magari yalisimama yenyewe. Tulipomwona, Wakili alikunja vizuri miguu yake bila kuambiwa.

"Mimi ni mwalimu mkuu wa chekechea," akasema. "Hebu nilione."

Nikaanza hotuba yangu. "Mwalimu, hili gari ni la..."

"Halina ncha kali?"

"Ncha?"

Akapitisha kiganja kwenye mlango wa kushoto. "Upande huu laini. Upande wa pili?"

Nilishachoka kudanganya, na isitoshe ukuta hauna aibu, ungemwambia. "Mwalimu, upande wa pili una kutu. Sijaufikia."

"Utausugua?"

"Likitoka nje ya chumba, siku moja tu inanitosha."

"Vizuri. Magurudumu yanazunguka?"

"Mawili, mwalimu. Mengine yanahitaji kushawishiwa."

"Vizuri sana. Breki?"

"Nipo, mwalimu," akasema Breki.

"Nauliza breki za gari."

"Hazishiki, mwalimu," nikasema kwa sauti ndogo.

"Za nini wakati haliendi? Na kile kiti?"

Akaingia, akaketi kwenye kiti cha kinyozi, akavuta wenzo. Akapanda. Akashuka. Akapanda tena. Uso wake, ambao ulikuwa umefungwa kama daftari jipya, ukafunguka. "Hiki watakigombania," akasema akiwa juu. "Nitapanga zamu."

Mama Birika akanibinya ubavuni. Hapo ndipo nami nikaelewa. Mwalimu alisoma tangazo likamwambia kilichoandikwa: gari la michezo. La watoto kupanda, kushika usukani, kupiga honi, kusema vuu vuu. Alikuwa na uwanja mtupu wa shule, bembea moja iliyokatika, na watoto wa chekechea nzima.

Wakili alisimama akajirekebisha kola ambayo hana. "Kama nilivyosema, lugha inatosha."

Kuna sehemu yangu iliyoumia, siwezi kuficha. Nilikuwa nimejiona nikiendesha gari lile barabarani, upepo kichwani, watu wanauliza yule nani. Sasa lingekwenda kukojolewa na watoto wa miaka mitatu. Lakini nikafikiria mashine ya kukatia, na mzani wa viazi. Kupandwa na watoto ni bora.

"Sharti langu ni moja," mwalimu akasema akishuka. "Lisiwake. Kabisa. Mtoto akigeuza ufunguo, akute kimya. Mzazi mmoja tu akisikia injini kwenye chekechea yangu, nimefunga shule."

"Mwalimu, kwa hilo usiwe na hofu," nikasema, na ulikuwa ukweli mchungu kuliko yote. "Tangu nilipate halijawahi kuwaka."

"Una uhakika?"

"Nimejaribu kila kitu. Nimebadilisha plagi, nimesafisha kabureta, nimeliimbia."

"Kaliimbia kweli," Breki akasema. "Tulisikia. Ngoja mwalimu, usimwamini kijana, ushahidi huu hapa." Na kwa wema wote wa moyo wake, kabla hatujamshika, Breki akaruka ndani, akakaa nyuma ya usukani, akageuza ufunguo na kubonyeza kitufe cha kuwashia. "Unaona? Haliwa..."

Likawaka.

Sijui niseme lilinguruma au lilifoka. Lilitoa mlio wa kitu kilichokuwa kinasubiri aibu zangu zote zijumlishwe kwanza. Milango ya mbao ikatetemeka, kiti cha kinyozi kikaanza kupanda chenyewe, boneti ikawa inaruka kama kifuniko cha sufuria. Breki ameinua mikono yote juu kama aliyekamatwa na polisi. Mama Birika alikuwa anapiga vigelegele. Na mimi, jamani, machozi yalinitoka, na safari hii sikusingizia puti. Ule mlio nilikuwa nimeuota. Niliupangia hata nguo za kuvaa siku utakapokuja.

"USIUZE!" Breki akapiga kelele juu ya kelele. "NUSU, USIUZE! SASA NI GARI! MRUDISHE MZEE WA GLAVU!"

"PINGAMIZI!" Wakili akajibu, lakini hakusema dhidi ya nani.

Mwalimu mkuu alikuwa amerudi nyuma mpaka katikati ya barabara, filimbi mdomoni, anapiga. Na kwa mkono mmoja ameshaufunga mkoba wake.

Nikageuka kumtafuta Mama, nimwonyeshe. Nimwambie, unaona? Unaona sasa? Moshi ulikuwa unatoka mlangoni, mweusi, mzito, unakwenda moja kwa moja kwenye kamba. Na Mama alikuwa amesimama mbele ya lile shati jeupe, ameugeuzia moshi mgongo, amefungua khanga yake mabegani kwa mikono miwili kuliziba. Mabega yake yalikuwa yanageuka meusi. Hakuita, hakunilaumu. Aliziba tu, kama alivyokuwa akifunika cherehani kwenye mvua.

Sijui nilifikaje kwenye gari. Nilikuwa nataka kung'oa waya wa betri kwa mkono. Sikuhitaji. Nilipofika tu, injini ikakohoa, ikatetemeka, ikatoa mlio kama mtu aliyekalia kinanda, ikazima. Kitu fulani kikadondoka chini ya gari, kikaviringika, kikatoka nje, kikaja kusimama miguuni mwa mwalimu mkuu. Ilikuwa nati kubwa.

Kiti cha kinyozi kikashuka chenyewe taratibu, psssss.

Mwalimu akatoa filimbi mdomoni. "Kijana. Ulisema haliwaki."

"Mwalimu..."

"Nimeliona likiwaka. Kwa macho haya."

"Mwalimu, ile ni ajali."

"Na kesho ajali hiyo itatokea kwa mtoto wa watu. Samahani, siwezi." Akageuka kuondoka.

Nikamtazama Mama. Alikuwa amelitoa shati kwenye kamba, analigeuza kwenye mwanga, anatafuta doa. Halikuwa na doa. Yeye ndiye alikuwa na doa, kuanzia shingoni mpaka kiunoni.

"Mwalimu!" nikaita. Nikavuka nusu ya barabara. "Mwalimu, nisikilize. Halitawaka tena. Nakuhakikishia."

"Kwa uhakika gani?"

Nikavuta pumzi. Kuna maneno kijana hapendi kuyasema mbele ya mama yake, mbele ya kijiwe, mchana kweupe. Nikayasema.

"Kwa sababu injini ile niliifunga mimi. Kila nati, kila waya, kila plagi. Mwalimu, mimi ndiye fundi."

Mwalimu akasimama. Akawatazama wenzangu kama mtu anayehitaji shahidi.

Breki, ambaye nilidhani ndiye angeniharibia, akashuka garini akaweka mkono kifuani. "Mwalimu, mimi nimeendesha malori maisha yangu yote. Huyu kijana nilimpa redio yangu anitengenezee. Sasa hivi inatoa maji."

"Baiskeli yangu aliirekebisha breki," akasema Wakili kwa huzuni rasmi. "Ninaomba mahakama izingatie kwamba sasa nakuja kwa miguu."

"Jiko langu," Mama Birika akasema, akaishia hapo, akatikisa kichwa.

Mwalimu akanitazama vizuri sasa, tangu juu mpaka chini, kwa jicho la mtu anayesoma vyeti. "Wote wanasema hivyo?"

"Muulize na mama yangu," nikasema. "Yeye hawezi kunipendelea."

Mama akasogea na khanga yake nyeusi, shati jeupe mkononi. Akatoa pini mdomoni.

"Mwalimu," akasema, "mwanangu nampenda. Lakini alichokishika kwa mikono yake, kikizima kimezima."

Sijawahi kusifiwa vile.

Mwalimu mkuu akafungua mkoba. Bei tuliyokubaliana ilizidi ya vyuma chakavu, na haikuikaribia ndoto ya mjomba hata kwa mbali. Ilitosha kununua sabuni ya khanga na zaidi kidogo. Wanaume saba wasiokasirika wakapatikana, maana kijiwe chote kilikuwa kinacheka, na gari likatoka chumbani kwa mara ya kwanza, likatokeza juani na upande wake wa kulia. Watu wakasogea nyuma kwa heshima, kama kwa mgonjwa.

Kabla hawajaanza kulisukuma kuelekea shuleni, mwalimu akaniita pembeni. Alikuwa ameiokota ile nati, ameishika kwa ncha za vidole.

"Kijana, nimekuwa nikifikiria. Watoto ni wajanja. Wanaweza kuichezea hii injini mpaka ikapona."

"Inawezekana, mwalimu."

"Kwa hiyo nitakuajiri. Kila tunapofungua muhula, uje uitengeneze."